Kamioneti Imekataa Kuwaka: Tuanzie Wapi?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayowasaidia watu nyumbani mwao na katika kazi zao. Juma hili twataka kuzungumza juu ya chombo ambacho wengi hawanacho, lakini karibu wote hukitegemea: kamioneti, yaani gari lile lenye sanduku wazi nyuma.

Kila parokia yajua faida yake. Kamioneti hupeleka maharagwe na mihogo sokoni, huleta saruji na mabati ya shule, hubeba wanakwaya siku ya sikukuu, hupeleka maharusi kanisani na marehemu makaburini. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, na hospitali iko mbali, watu hubisha hodi kwa mwenye kamioneti. Kwa hiyo siku dereva anapozungusha ufunguo na gari likanyamaza, shida si yake peke yake. Ni shida ya wote waliokuwa wakilingojea.

Na hapo ndipo tunapoona jambo la kusikitisha. Watu hukusanyika, kifuniko cha injini hufunguliwa, na kila mtu hutoa hukumu yake. Mmoja asema, “Batri imekufa.” Wa pili asema, “Esansi ni chafu.” Wa tatu ataka buji zifunguliwe zote. Wa nne hasemi kitu, ameokota jiwe, aanza kugonga. Mwenye gari naye amtazama dereva kwa jicho kali: “Jana ulilipeleka wapi?” Na pengine husikika sauti ya chini ikinong’ona kwamba kuna jirani aliyelionea gari wivu, na ya kwamba si bure. Nusu saa imepita. Wote wamehukumu, wala hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Sisi twasema hivi: gari ni mashini, na mashini haina kinyongo wala hila. Ikikataa kuwaka, iko sababu, na sababu hiyo huacha alama. Wazee walisema: Dalili ya mvua ni mawingu. Atakaye kuijua sababu asibahatishe. Na aulize jambo moja moja kwa utaratibu, akianzia lile lililo jepesi na lisilo na gharama.

INJINI YAHITAJI NINI?

Injini haiwezi kujianzisha yenyewe. Yahitaji mambo matatu. La kwanza, izungushwe na nguvu nyingine. La pili, ipate chakula chake, yaani mafuta na hewa. La tatu, ipate moto wa kuyachoma mafuta hayo. Likikosekana moja tu kati ya hayo matatu, gari haliendi.

Hapo kale aliyeizungusha injini alikuwa mtu, kwa chuma kilichopindwa ambacho alikitia mbele ya gari. Ilikuwa kazi ya hatari, maana mara nyingine chuma kilirudi nyuma kwa nguvu na kumvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac huko Marekani ilianza kuuza magari yenye mota ndogo ya umeme iliyofanya kazi hiyo. Aliyeitengeneza ni fundi Charles Kettering. Mota ya namna hiyo ndiyo ambayo mafundi wetu huiita demareri. Yenyewe hupata nguvu kutoka katika batri. Na batri ya asidi na bamba za risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, nayo ingali imo katika magari mengi hata leo.

Basi swali la kwanza ni hili: Je, ufunguo unapozungushwa, injini yazunguka au haizunguki? Swali hili moja hugawanya ugonjwa wote katika sehemu mbili. Kama injini haizunguki, kwa kawaida kosa liko upande wa umeme: batri, nyaya, demareri. Kama yazunguka vizuri lakini haiwaki, batri na demareri zimekwisha kufanya kazi yao, nawe watafuta upande wa mafuta, hewa na moto. Tazama jinsi swali dogo linavyookoa kazi! Yule aliyetaka kufungua buji zote wakati injini haizunguki alikuwa akitafuta mbuzi katika shamba ambalo mbuzi hakuingia.

SIKILIZA KABLA YA KUGUSA

Kabla ya yote, angalia kama gia haikuingizwa. Magari mengine hayakubali kuwaka mpaka pedali ya klachi ikanyagwe mpaka chini. Na yale yanayobadili gia yenyewe hukataa kama mkono wa gia hauko mahali pa kusimama au pa gia huru. Katika magari mapya mengi, ufunguo una alama ndani yake ambayo gari huitambua. Taa ndogo yenye picha ya ufunguo au ya kufuli ikimeta-meta bila kukoma, huenda gari halimjui mwenye kulifungua. Jaribu ufunguo wa pili, kama upo.

Kisha waombe watu wanyamaze, uzungushe ufunguo, nawe usikilize.

Kama hakuna sauti wala taa hata moja, umeme haufiki kabisa. Batri imekwisha, au waya wake umechomoka, au fyuzi kubwa imekatika.

Kama wasikia tak-tak-tak-tak ya haraka, na taa zafifia, umeme upo lakini hautoshi. Batri ni dhaifu, au vibanio vyake vimelegea na kuota chumvi.

Kama wasikia “tak!” moja yenye nguvu, na taa zabaki na mwanga wake, umeme umefika katika demareri, lakini demareri haizunguki. Huenda vyuma vya kugusana ndani yake vimeungua au vimelika.

Kama injini yazunguka polepole kama mzee apandaye mlima, shaka ya kwanza ni batri, na ya pili ni zile nyaya nene, hasa ule waya wa upande wa hasi unaofungwa katika chuma cha gari na cha injini, ambao mafundi huuita masi. Waya huo wasahauliwa na wengi, kwa sababu haupeleki umeme popote ila kuurudisha kwao. Lakini umeme usio na njia ya kurudi hauendi.

Na kama injini yazunguka mbio na kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba haina mzigo, acha mara moja! Huenda ule mkanda au mnyororo wa ndani unaoongoza vali umekatika. Kuendelea kuzungusha kwaweza kuharibu injini nzima. Hapo mwite fundi.

Kuna jaribio lingine lisilohitaji chombo chochote. Washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame pembeni azitazame, nawe zungusha ufunguo. Taa zikizimika kabisa, batri ni tupu au kiungo chake ni kibovu. Zikibaki kuwaka vilevile wala pasiwe na sauti, umeme haufiki katika demareri. Tafuta njiani, katika fyuzi na swichi ya ufunguo.

BATRI: USIIHUKUMU KABLA YA KUIPIMA

Batri ya gari dogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo zaidi. Ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha, kipimo chapaswa kuonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu tu. Ikiwa chini ya 12, ni kama tupu. Wakati demareri yazungusha injini, kipimo hushuka. Lakini kikianguka chini sana ya volti 10, batri imechoka au imeharibika. Na injini ikiisha kuwaka, kipimo chapaswa kupanda, kifike karibu 14, kwa sababu sasa alternateri yairudishia batri nguvu iliyotoa. Kumbukeni namba hiyo ya mwisho, maana tutaihitaji.

Kipima umeme kidogo ni chombo cha bei ndogo, na shule yenye mafunzo ya ufundi haiwezi kukosa kimoja. Lakini hata asiye nacho ana macho. Avitazame vichwa viwili vya batri. Akiona unga mweupe au wa kijani, huo ndio unaozuia umeme. Avifungue vibanio, akianza na ule wa hasi. Avisugue kwa brashi ya chuma mpaka ving’ae. Aoshe kwa maji yenye magadi kidogo, akiangalia yasiingie ndani ya batri. Avifunge tena kwa nguvu, akimaliza na ule wa hasi. Mara ngapi gari “lililokufa” limefufuka kwa kazi ya robo saa na bila kununua kitu!

YAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Sasa tuingie katika sehemu ya pili. Hapa ni lazima kujua gari lanywa nini, esansi au mazuti, maana injini hizi mbili hazichomi mafuta kwa njia moja. Injini ya esansi huwashwa kwa cheche ya buji. Injini ya mazuti, iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel na kufanya kazi vizuri mwaka 1897, haina cheche. Hukandamiza hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa ikawa moto sana, na mazuti yakinyunyizwa humo hushika moto yenyewe.

Swali la kwanza laweza kuwachekesha wengine: Je, mafuta yamo? Msiamini mshale peke yake, maana nao huharibika. Swali la pili: Ni mafuta gani? Wengi wetu hununua katika vidumu na chupa kando ya barabara, kwa wale wauzaji wanaoitwa kadhafi. Si wote wasiokuwa waaminifu, hasha! Lakini kidumu kilichowekwa wazi mvuani huingia maji, na kilichotiwa esansi jana chaweza kutiwa mazuti leo. Chukua kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yatashuka chini, nawe utauona mstari unaoyatenga. Katika injini ya mazuti, chujio mara nyingi lina kizibo chini yake cha kutolea maji hayo. Kifungue mpaka yatoke mazuti safi.

Dereva wa gari la mazuti na atazame pia bomba la moshi wakati injini yazungushwa. Moshi mweupe ukitoka, mazuti yafika lakini hayashiki moto. Huenda zile buji za kupasha joto zimeungua, au dereva hakungoja taa yake izimike kabla ya kuzungusha ufunguo. Alfajiri katika nyanda za juu za Lubero jambo hili hutokea upesi kuliko mchana huko Uvira. Kama moshi hautoki kabisa, huenda mazuti hayafiki. Gari lililoishiwa mazuti njiani huingiwa na hewa katika mabomba yake, na kumimina mengine tankini hakutoshi. Katika kamioneti nyingi kuna kidude juu ya chujio cha kusukuma kwa mkono. Kisukume mpaka kiwe kigumu, hewa itoke, ndipo ujaribu tena. Na katika pampu nyingi za namna ya zamani kuna waya mmoja mwembamba unaofungua njia ya mazuti. Waya huo ukichomoka, injini haipati hata tone.

Katika gari la esansi lenye pampu ya umeme, fungua ufunguo bila kuzungusha injini, ukasikilize upande wa tanki. Pampu hunguruma kwa sekunde moja au mbili. Ikiwa kimya, tazama fyuzi yake. Kama harufu ya esansi yasikika kwa nguvu nyuma ya gari, chakula kimefika, na moto ndio unaokosekana. Kazi ya kuipima cheche waachieni mafundi, kwa sababu cheche na harufu ya esansi si marafiki.

Na hewa je? Wakati wa kiangazi, vumbi la bonde la Ruzizi laweza kulijaza chujio la hewa mpaka injini ikakosa pumzi. Lifungue, ulikung’ute, ulitazame juani. Kama mwanga haupenyi, hata hewa yapenya kwa shida.

Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndani yake, na mafundi wengine huisoma kwa chombo chao. Ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta nayo hula umeme wa batri ileile. Batri ikiwa dhaifu, yaweza kutoa habari zisizo za kweli. Hivyo hata fundi mwenye chombo cha kisasa huanza mahali palepale: batri, vibanio, masi.

MFANO

Tuseme kuna baba mmoja, mwenye watoto sita, aliyenunua kamioneti kwa fedha alizokopa katika chama cha akiba. Amemwajiri kijana kuwa dereva. Asubuhi moja, gari limejaa magunia na akina mama wa sokoni wamekwisha kupanda, ufunguo wazungushwa: tak-tak-tak-tak. Jirani asema, “Batri imekufa.” Baba amgeukia dereva: “Uliacha taa zikiwaka usiku kucha!” Kijana ajibu, “Hapana, Mzee. Nilikuambia juma lililopita kwamba ile taa nyekundu ya batri yawaka nikiwa njiani, tena kuna kitu kinalia kama panya mbele ya injini.” Baba hataki kusikia. Mbele ya watu wote amwita mzembe na mwongo, amnyang’anya ufunguo, amfukuza bila mshahara wa mwezi. Auza mbuzi wawili, aongeza na karo ya mtoto wa tatu, anunua batri mpya. Gari lawaka mara moja! Watu wapiga makofi. Jirani asema, “Sikukuambia?”

Baada ya juma moja, gari lanyamaza tena. Na safari hii ni usiku, na aliye ndani ni mama mja mzito.

Watu wamsukuma mama huyo juu ya baiskeli mpaka barabara kubwa, ambako kwa neema ya Mungu lapita gari lingine. Asubuhi yaja gereji kijana mwanafunzi wa ufundi. Asema kwa adabu, “Mzee, niruhusu nipime kwanza.” Aiwasha injini kwa batri ya gari lingine, akiisha kuondoa nyaya za msaada aweka kipimo chake. Kipimo chaonyesha volti 12.1, wala hakipandi. Aizima injini, ashika kwa kidole mkanda unaozungusha alternateri: walegea kama kamba ya nguo, na umelika pembeni. Huyo ndiye panya aliyekuwa akilia. Batri ya kwanza haikuwa mkosaji. Ilikuwa ikitoa nguvu zake kila siku bila kurudishiwa, mpaka zikaisha. Ya pili imefuata njia ileile. Bei ya mkanda haifiki hata bei ya mguu wa mbuzi mmoja.

Sasa twawauliza wasomaji: Je, hasara ya baba huyu ni kiasi gani? Mbuzi wawili, karo, batri isiyohitajiwa, hayo yahesabika. Lakini kijana aliyefukuzwa amekwisha kuitwa mwongo mbele ya kijiji. Nani atamwajiri? Mama yake ala nini? Amri ya nane ya Mungu yakataza kumshuhudia jirani uongo. Na Kanisa lafundisha kwamba aliyeharibu jina jema la mwenzake hana budi kulitengeneza, sawasawa na mwizi anavyopaswa kurudisha mali. Haitoshi baba huyo kuungama kwa padri na kwenda zake. Na aende kwa kijana huyo, na kama alimwaibisha mbele ya watu, amrudishie heshima mbele ya watu. Amlipe mshahara wake, na ampe tena ufunguo.

Tena tuone jambo la pili katika mfano huu. Batri mpya iliwasha gari, na kwa sababu hiyo wote waliamini kwamba wamepata ukweli. Lakini kuwaka si uthibitisho wa kupona. Mgonjwa akinywa dawa ya maumivu, kichwa huacha kuuma. Je, malaria imekwenda? Kwa hiyo kila mara batri ikiisha nguvu, ongezeni swali moja: Kwa nini imeisha? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HATARI ZA KUEPUKA

Batri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Msivute sigara karibu nayo, wala msimulike kwa kiberiti, tumieni tochi. Asidi yake huchoma macho na ngozi; ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi upesi, na ikiingia jichoni apelekwe kwa mganga. Batri yenye vizibo huongezewa maji safi ya batri, si maji ya mto, wala si asidi. Vueni pete na saa ya chuma kabla ya kushika spana.

Mkiazima nguvu ya gari lingine, fuateni utaratibu: waya mwekundu kwanza katika chanya ya batri iliyokwisha, kisha katika chanya ya batri nzima, waya mweusi katika hasi ya batri nzima, na mwisho wake katika chuma kitupu cha injini ya gari gonjwa, mbali na batri. Wakati wa kufungua, rudini nyuma kwa njia ileile.

Msizungushe demareri zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja; ipeni mapumziko. Mkilisukuma gari lenye gia za mkono, dereva aingize gia ya pili, na mtu yeyote asisimame mbele, hasa mahali pa mtelemko. Gari likiwa limezimika, breki huwa nzito. Gari linalobadili gia lenyewe haliwashwi kwa kusukumwa. Msimimine esansi mdomoni mwa injini ili “kuiamsha”. Wako walioungua nyuso. Wala msinyonye mafuta kwa mpira na kinywa, kwa sababu tone likiingia mapafuni laweza kuua. Na msilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

KILA MTU NA WAJIBU WAKE

Mwenye gari, msikilize dereva wako. Yeye ndiye anayekaa na gari mchana kutwa, naye husikia mabadiliko kabla yako. Dereva, sema ukweli, hata kama wewe ndiwe uliyeacha taa zikiwaka. Ukificha, fundi atatafuta ugonjwa usiokuwapo, na nyumba ya mwenye gari italipa. Weka daftari ndogo katika gari: siku ya kubadili chujio, siku ya kununua batri, siku taa nyekundu ilipoanza kuwaka. Fundi, kabla ya kutaja bei, onyesha kosa. Mpe mwenye gari kipande cha zamani alichobadilishiwa akione kwa macho. Fundi anayesema “Sijui bado, ngoja nipime” ni fundi wa kweli. Anayejua yote kabla ya kufungua kifuniko, jihadhari naye.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba somo la elimu ya vitu ni la kupita mtihani tu. Yule kijana wa mfano wetu alijua namba mbili tatu na alikuwa na subira ya kuzitumia. Kwa hizo alipata ukweli ambao kijiji kizima kilikuwa kimeukosa.

Wakristo wengi hupeleka magari yao kwa padri yabarikiwe, nao wafanya vema. Katika kitabu cha kale cha ibada ya Kiroma, Rituale Romanum, sala ya kubariki gari yamkumbuka shemasi Filipo na yule Mwethiopia aliyekuwa ameketi katika gari lake njiani. Habari yao imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mkiisoma, tazameni jinsi Filipo alivyoanza. Hakuanza kwa kumhukumu mgeni yule wala kwa kumfundisha. Alikimbia karibu na gari, akasikiliza, kisha akamwuliza swali. Mafundisho yalikuja baadaye.

Kwa hiyo siku kamioneti itakapokataa, kateni maneno haya na kuyabandika ndani ya mlango wake:

1. Gia, klachi na ufunguo viko sawa?
2. Injini yazunguka au haizunguki?
3. Haizunguki: sauti gani? Taa zafanya nini? Vibanio na masi ni safi na vimekazwa?
4. Yazunguka: mafuta yamo? Ni yenyewe? Hayana maji? Hewa yapita?
5. Imewaka: kwa nini ilikataa?

Na msimtaje mtu kuwa mkosaji kabla hamjafika katika swali la tano. Mtakatifu Kristofa awalinde safarini.